Nioibukuro: kutengeneza kifuko cha manukato Kyoto bila kukiharibu

Kifuko changu cha kwanza kilinukia dawa ya kuchua mgongo. Pale mezani, Kyoto, hakikunukia hivyo hata kidogo; kilinukia msitu uliokwisha kunyeshewa, nami nikakifunga kwa furaha. Siku tatu baadaye mashati yote begini yalikuwa yameshika harufu ya zahanati. Sababu yenyewe ndogo: vijiko vitatu vya ryuno, chembe nyeupe zenye harufu ya karibu na kafuri, mahali pa nusu kijiko. Yanayofuata yanahusu unga, vijiko na mafundo, maana huko ndiko watu wengi wanakoharibikiwa.

Nioibukuro ni kifuko cha Kijapani cha kitambaa, aghalabu hariri, kilichotiwa mchanganyiko mkavu wa miti, majani, mizizi na utomvu unaonukia. Nioi ni harufu, fukuro ni mfuko. Yakiungana, ile f hugeuka b. Hakichomwi. Huwekwa sandukuni kwenye kimono, hutiwa kwenye mkoba au mkononi mwa nguo, kikatoa harufu kwa baridi, chenyewe, kidogo kidogo. Si jambo la juzi: katika ghala la hazina la Shosoin mjini Nara vimehifadhiwa vifuko vya ebiko, manukato ya kutunzia nguo, tangu karne ya 8. Mtu wa pwani atakumbuka kikuba, ila kikuba ni cha maua na majani mabichi na raha yake ni ya usiku mmoja; hiki ni kikavu na umri wake huhesabiwa kwa miezi.

Neno hilo, baridi, ndilo la kushika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sisi tumezoea chetezo. Udi ukiguswa na kaa la moto husema yote papo hapo, na pua yetu imefundishwa kuamua hapo hapo. Kifuko hakifanyi hivyo. Kinachonukia sana dakika ya kwanza mezani ndicho kitakachotangulia kukuudhi, na ndicho kitakachotangulia kuondoka.

Kabla ya kwenda

Warsha nyingi za kutengenezea vifuko hivi hutaka uweke nafasi mapema, na kazi yote huchukua kama saa moja, wakati mwingine saa moja na nusu. Bei nilizozikuta ziko kati ya yen 1,500 na 4,000 kwa kifuko, kutegemea kitambaa na idadi ya viambato. Angalia kama bei inajumuisha mfuko wa nje na uzi. Kuna mahali unapofika ndipo unaambiwa mfuko wa hariri nzito yenye nyuzi za dhahabu una nyongeza yake. Mfuko wa chirimen, hariri ile yenye mikunjo midogo midogo, unatosha kabisa na hupitisha harufu vizuri kuliko ule mzito.

Kama unaweza kuchagua msimu, epuka tsuyu, mvua za Juni hadi katikati ya Julai. Hewa ya Kyoto wakati huo ni nzito kama ya Tanga mwezi Aprili. Unga hunywa unyevu ukashikamana, utomvu hunata kwenye kijiko, vipimo vikapotea. Novemba hadi Machi hewa ni kavu na unga unamwagika sawasawa.

Siku yenyewe usijipake manukato, losheni ya mikono wala mafuta ya nywele yenye harufu. Hili huandikwa kwenye maelekezo ya kuweka nafasi na watu hulipuuza. Wewe mwenyewe hutaisikia losheni yako kwa kuwa pua imeizoea, lakini itaingia kwenye kila hukumu utakayotoa. Rameni ya vitunguu saumu iache iwe chakula cha jioni. Beba kalamu na kijitabu. Vikombe na vijiko wanavyo, karatasi ya kuandikia mara nyingi wanatoa, ila ni ndogo na utaiacha mezani.

Mezani

Utakuta vikopo au mitungi midogo, nane hadi kumi na miwili, kila kimoja na kijiko chake. Usihamishe kijiko kutoka kopo moja kwenda jingine. Ni kosa dogo la adabu na kubwa la harufu: chembe chache za mdalasini kwenye kopo la sandali zitasumbua wote watakaokaa hapo baada yako.

Byakudan ni sandali, yaani liwa. Ndiyo msingi, nusu ya mchanganyiko au zaidi, kwa sababu ni mmoja wa miti michache inayotoa harufu yake bila moto. Harufu yenyewe ni ya maziwa na mbao, tulivu, na molekuli zake ni nzito kwa hiyo hazikimbii. Mgeni huiona haina nguvu, akaipunguza. Usiipunguze. Kama kuna daraja inayoitwa rozan, sandali ya Mysore, India, na wanaitaka nyongeza, hiyo nyongeza nalipa bila kusita. Nyongeza ya jinko, la. Jinko ni udi, na udi hukaa kimya mpaka upate joto. Kuutia kwenye kifuko baridi ni kununua redio bila betri. Wanaotia jinko hutia kwa heshima ya jina, na mfuko hauna habari.

Choji ni karafuu. Kwa msomaji wa Unguja na Pemba hapa hakuna somo jipya, ila onyo lipo: kwa kuwa ni harufu ya nyumbani, mkono wetu huwa mwepesi. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eugenoli, na eugenoli hufunika kila kitu. Ikipita moja ya kumi ya uzito wote, kifuko kitanukia daktari wa meno. Uliza zimetoka wapi kama una hamu. Zinaweza kuwa za Pemba, za Madagascar au za Indonesia.

Keihi ni mdalasini wa Kichina, gome nene kuliko ule tunaotia kwenye chai, mtamu na mkali. Kakko ni pachuli, majani yenye harufu ya udongo na ghala la zamani. Daiuikyo ni lile ganda lenye umbo la nyota linalouzwa kwenye maduka ya viungo. Sanna ni mzizi wa jamaa ya tangawizi, mkali kidogo, na kazi yake ni kuzuia utamu wa mdalasini na nyota usizidi.

Kansho ni nardo, ile ya marhamu kwenye Injili. Ukifungua kopo lake utadhani wamekosea: inanuka soksi. Watu wengi hulifunga haraka na kulisogeza pembeni, na hapo wanapoteza kitu cha thamani kuliko vyote pale mezani. Ncha ya kijiko tu, ikilala wiki moja na sandali, huipa harufu nzima kina, kama chumvi kwenye uji. Bila nardo kifuko hunukia duka la viungo, kikaishia hapo.

Huenda pia kukawa na kaiko, kifuniko cha konokono wa baharini kilichosagwa, kinachonuka ufuko na kinachosemwa kushikilia harufu nyingine. Robo kijiko inatosha. Mwenye mzio wa viumbe wa baharini aulize kabla ya kugusa.

Na ryuno. Ni chembe nyeupe, borneoli, asili yake utomvu wa miti mirefu ya Sumatra na Borneo. Ukiinusa, pua hufunguka hadi kwenye paji la uso. Chembe hizi hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, tena kwa joto la kawaida la chumba, kwa hiyo ndizo zinazobeba harufu nyingine nje ya kitambaa. Bila ryuno kifuko hunukia ukikibana tu. Pia husaidia kufukuza wadudu wa nguo. Lakini iko karibu sana na kafuri, na kafuri kila mmoja wetu anaijua ilikokaa maishani mwake: kwenye dawa ya kuchua, kwenye mafua, na kwa wengi kwenye sanda. Ikizidi, kifuko kinakuwa msiba. Hii ndiyo iliyoniponza. Mezani ryuno hunoga kwa sababu inaamsha pua iliyochoka, na kadiri pua inavyochoka ndivyo mkono unavyoongeza.

Viambato hivi karibu vyote ni dawa za kampo, tiba ya mitishamba ya Kijapani. Kungyokudo, duka lililoanza mwaka 1594 mbele ya hekalu la Nishi Hongan-ji, lilianza kama duka la dawa. Kwa hiyo kunukia dawa si ajali. Ndiko harufu hizi zinakotoka, na kipimo ndicho kinachozivusha upande wa pili.

Kuchanganya

Kwa kifuko kimoja unahitaji gramu 8 hadi 10. Mchanganyiko huu wa gramu 10 ndio ningempa mtu anayeanza: sandali 5, karafuu 1, mdalasini 1, pachuli 1, sanna 0.7, nyota 0.5, ryuno 0.5, nardo 0.3. Warsha nyingi hawana mizani mezani, wanapima kwa vijiko vidogo vya mianzi, basi fikiria uwiano: kwa kila vijiko kumi vya sandali, viwili vya karafuu, viwili vya mdalasini, na kuendelea hivyo. Kijiko kiwe cha kusawazisha, si cha kurundika. Na kumbuka kijiko cha pachuli ni chepesi kuliko kijiko cha karafuu, maana ni majani, kiongeze kidogo.

Utaratibu una maana. Tia sandali yote kwanza. Kisha pachuli na mdalasini, ukoroge, unuse. Kisha nyota na sanna. Karafuu nusu ya kiasi ulichopanga, ukoroge, unuse, ndipo nusu ya pili kama bado inahitajika. Nardo. Ryuno mwisho kabisa, baada ya yote, kwa sababu ikitangulia hutasikia tena kitu kingine. Chembe zake ziponde kwanza kwa mgongo wa kijiko; chembe nzima zikibaki kwenye kona moja ya mfuko, upande mmoja utanukia na mwingine hapana. Koroga kwa kugeuza kutoka chini, si kwa kusaga. Ukisaga unapata vumbi, na vumbi litapita kwenye kitambaa likachafua hariri.

Andika kila kijiko kabla hujakitia, si baada. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka, na kifuko kikitoka kizuri hutaweza kukirudia.

Kinachotiwa hakitoki. Ukizidisha karafuu dawa ni moja tu, kuongeza sandali mpaka uwiano urudi, kisha kukubali kwamba una mchanganyiko wa vifuko viwili. Omba mfuko wa pili ulipe. Ni yen mia kadhaa na ni nafuu kuliko kubeba kitu usichokipenda. Usitegemee mwalimu akwambie umeharibu. Sensei atatabasamu na kusema harufu yako ni ya kipekee. Muulize swali lenye kipimo: je, ryuno imezidi? Hapo atajibu kweli.

Wajuzi wa fani hii huko hawasemi kwamba wananusa manukato. Husema kō o kiku, kuyasikiliza. Mswahili haoni ajabu, sisi nasi husikia harufu. Lakini kusikiliza kuna namna yake. Usitumbukize pua kwenye bakuli. Inua bakuli usawa wa kifua, pitisha kiganja juu yake kuelekea usoni, vuta pumzi moja fupi, geuza uso pembeni ndipo utoe pumzi. Ukipumulia ndani unarusha unga na kuutia unyevu. Baada ya viambato vitano au sita pua hufa ganzi. Nusa mkono wa shati lako mwenyewe, ndani ya kiwiko, au toka nje dakika tatu unywe maji. Dakika tatu hizo watu huzionea haya kwa sababu wengine wanaendelea. Toka tu.

Mchanganyiko mzuri, wakati unapoacha kuugusa, unapaswa kuonekana umepungukiwa kidogo. Ukiuona umekamilika pale mezani, tayari umezidi.

Kujaza na kufunga

Unga hauingii moja kwa moja kwenye hariri. Huwekwa kwanza kwenye mfuko wa ndani wa karatasi laini, mfano wa mfuko wa majani ya chai. Jaza theluthi mbili tu. Mfuko uliokazwa hauna hewa ndani, na harufu husafiri kwa hewa; tena ukishindiliwa mshono hupasuka. Kunja mdomo mara mbili, kisha uuzungushie pamba kidogo au nyuzi za hariri mbichi ili mfuko wa nje ukae mviringo. Mafuta ya karafuu huacha doa la kahawia kwenye hariri nyeupe. Pamba hiyo ndiyo kinga.

Mfuko wa nje una nyuzi mbili zinazoingia kutoka pande mbili. Zivute kwa pamoja, sawasawa, la sivyo mdomo unapinda. Fundo la kawaida ni la kipepeo, linalofunguka kwa kuvuta ncha. Watakuonyesha pia agemaki na fundo la ua la plamu, ni mazuri kwa macho, lakini hayo hukazwa moja kwa moja na siku ya kubadilisha unga utayakata. Kama ni zawadi ya harusi, uliza: kwa Wajapani fundo linalofunguka ni la jambo jema linaloweza kurudiwa, na harusi haitakiwi irudiwe.

Wiki mbili za kunyamaza

Ukifika unapolala, kifunge kifuko kwenye karatasi, ukitie kwenye kopo au mfuko wa plastiki unaofungika, na usikiguse wiki moja, bora mbili. Siku za mwanzo utasikia ryuno tu. Kufikia siku ya tano au sita mdalasini na nyota huanza kuungana, karafuu inarudi nyuma. Wiki ya pili sandali inakuja mbele na nardo imeacha kunuka. Huu ndio wakati wa kuhukumu. Wengi hukihukumu siku ya kwanza, wakakigawa au kukitupa, na walikuwa na kitu kizuri.

Usikiweke kwenye begi moja na kahawa, sabuni au samaki mkavu wa zawadi. Unga hutoa harufu na pia hupokea.

Kuna suala la mipakani ambalo warsha hazilizungumzii. Mokko, mzizi mmoja unaotumika kwenye baadhi ya michanganyiko, umo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, daraja kali kuliko zote. Kama unavuka mpaka uache mezani. Nardo imo Kiambatisho cha II, daraja ya chini yake. Miski halisi ya mnyama usiiguse. Leo wengi hutumia ya maabara. Na kwa anayerudi Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali: sandali ya kwetu, Osyris lanceolata, imo Kiambatisho cha II tangu 2013 kwa sababu ya kuvunwa ovyo, hivyo unga ulioandikwa sandali unaweza kukuletea maswali. Sandali ya vifuko hivi ni mti mwingine, Santalum album. Omba warsha wakuandikie viambato kwa majina ya kisayansi, ubandike karatasi hiyo kwenye kopo, na ukiulizwa tangaza. Kifuko kimoja kilichofungwa hakisumbui kama nusu kilo ya unga usio na jina.

Kikifika nyumbani

Kitundike kwenye kabati au kiweke juu ya nguo, maana harufu hushuka. Kisigusane na nguo nyeupe moja kwa moja. Paka na watoto wasikifikie. Kafuri ikimezwa ni sumu kwa mtoto, na ryuno ni ndugu yake.

Na toa naftalini kwanza. Vile vidonge vyeupe tunavyotia kwenye masanduku ya kanga vikikaa pamoja na kafuri, vyote viwili hulainika na kuwa majimaji, yakaacha madoa kwenye nguo yasiyotoka kwa kufua. Ryuno nayo usiijaribu. Chagua kimoja, na sanduku lililokuwa na naftalini lianikwe wazi siku kadhaa kabla ya kuingiza kifuko.

Kwa hewa ya pwani yetu tegemea miezi sita, pengine minane. Harufu ikififia kibane kidogo kwa vidole; mara nyingi ni ryuno tu iliyokwisha na sandali bado ipo, na chembe chache mpya za ryuno, zisizozidi robo kijiko kidogo, zitairudisha kwa mwezi mmoja au miwili. Baada ya hapo fungua fundo, toa mfuko wa ndani, tia mwingine. Duka lenye warsha huuza unga uliokwisha changanywa, na ukiwa pale siku ya kwanza nunua gramu 20 au 30 za ziada pamoja na mifuko ya karatasi mitatu. Mfuko wa hariri wenyewe utadumu miaka, mradi hukuufunga kwa agemaki.